Kabla hujaniomba dawa, niambie unashinda wapi

Habari zenu jamani, asanteni kwa kuja, naona wengine mmesimama kule nyuma, sogeeni tu mbele viti bado vipo. Mimi ni daktari wa naturopathia, yaani tiba asilia, na wengi wanaofika kwangu ni watu walioshazunguka sana, mtu anakuja na bahasha imejaa vipimo, kashaambiwa ni vidonda vya tumbo, ni presha, ni stresi, ni umri, na bado anaumwa. Leo sikuja kuwapa orodha ya majani ya kuchemsha. Nimekuja kuongelea kitu ambacho darasani nilifundishwa vizuri tu lakini kwa vitendo nilichelewa kukielewa, kwamba kuna magonjwa ya kudumu ambayo yanaingia mwilini kidogo kidogo kila siku kutoka pale mtu anapofanyia kazi, anapolala, kwenye maji anayokunywa, kwenye kitu anachojipaka, na usipoufunga huo mlango unaweza kumtibu mtu miaka 10 asipone.

Kuna mama mmoja nitamzungumzia, jina lake nalihifadhi na nimebadilisha vitu vidogo vidogo asijulikane. Alikuja kwangu akiwa ameumwa karibu miaka 2. Tumbo linamsokota, choo kigumu, kichwa kila siku, uchovu wa kuvuta miguu, na damu yake ilikuwa inapungua, anapewa vidonge vya madini ya chuma anameza, akipima damu bado iko chini. Mimi nikafanya yale tunayofanyaga, nikakaa naye saa nzima, nikamuuliza analala vipi, anakula nini, hedhi ikoje, mawazo, ndoa, mpaka ndoto anazoota nikaandika. Nikampa dawa za mimea za tumbo, nikampa magnesiamu, nikampangia chakula. Miezi 4. Kila akirudi ananiambia "afadhali kidogo daktari" kwa ile sauti ya mtu anayekuonea huruma wewe usikate tamaa.

Siku moja, tena alikuwa ameshasimama anaondoka, nikamuuliza mumeo anafanya kazi gani. Akasema anatengeneza betri za magari, anazifungua, zile sahani za ndani anaziyeyusha anazimimina upya. Nikamuuliza nguo zake za kazi anafua nani. "Si mimi daktari, nani mwingine?" Nikamwambia hebu nionyeshe unavyozifua. Akacheka, alafu akanionyesha, akashika ovaroli ya hewani mabegani kwa mikono miwili, akaikung'uta pa, pa, pa, huku amegeuza uso pembeni na kufumba macho, akasema lazima uikung'ute kwanza mlangoni maana ina vumbi sana ukiiloweka hivo hivo maji yanakuwa tope. Nikauliza mtoto mdogo anakuwa wapi muda huo. Akasema hapo hapo mlangoni anacheza.

Jamani nilikaa chini. Miezi 4 nimeuliza ndoto zake na sikuwahi kuuliza nguo anazofua.

Tulipima damu zao wote, mama, baba na yule mtoto, na wote walikuwa na risasi. Nasema risasi ile madini, sio ya bunduki, ile laini ya kwenye betri. Mtoto alikuwa juu mara kadhaa ya kiwango cha kuanza kuchukua hatua, na ngoja niseme kuhusu hicho kiwango maana watu wanaambiwaga "iko kawaida" wanaenda nyumbani. Marekani zamani walisema mtoto mwenye mikrogramu 10 kwa desilita moja ya damu ndo wa kufuatiliwa, mwaka 2012 wakashusha mpaka 5, mwaka 2021 wakashusha tena mpaka 3.5, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo ukisikia "kawaida" uliza, kawaida ya mwaka gani?

Sasa tazameni jinsi dalili zake zote zilivyokuwa zinasema kitu kimoja na sisi tunazigawa gawa. Risasi inazuia mwili kutengeneza ile sehemu ya damu inayobeba chuma, ndo maana vidonge anameza na damu haipandi, chuma kipo lakini fundi kafungwa mikono. Inasumbua neva za utumbo, ndo ule msokoto na choo kigumu. Kichwa, usahaulifu, hasira za ghafla, presha, figo, yote hayo ni njia zake. Na mwili unadanganywa na risasi, unaiona kama kalsiamu, unaichukua unaenda kuihifadhi kwenye mifupa. Kwenye damu inapungua nusu yake kwa kama mwezi mmoja hivi, lakini kwenye mifupa inakaa miaka 10, 20, hata 30, alafu mwanamke akishika mimba au akizeeka mifupa ikianza kutoa kalsiamu inatoa na risasi pamoja nayo. Yaani mtu anaweza kuumwa leo na vumbi la ujana wake, na mtoto tumboni akalipokea.

Watoto ndo wanaoniuma zaidi. Mtu mzima akimeza risasi mwili unachukua kama sehemu 1 kwenye 10, mtoto mdogo anaweza kuchukua mpaka nusu, na ukimkuta hana chuma cha kutosha au kalsiamu ya kutosha anafyonza zaidi. Mwaka 1979 daktari mmoja wa watoto Marekani anaitwa Herbert Needleman alikusanya meno ya utoto yaliyong'oka ya wanafunzi akayapima risasi, watoto hao walikuwa hawaumwi, wanacheza, wanaenda shule, lakini wale ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walifanya vibaya kwenye vipimo vya akili na walimu wao walisema hawatulii. Hakuna mama aliyewapeleka hospitali maana hakukuwa na cha kupeleka.

Kuuliza kuhusu kazi sio jambo la kisasa kabisa. Mwaka 1700 kule Italia daktari Bernardino Ramazzini aliandika kitabu kizima kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, akasema madaktari tangu enzi za Hippocrates, yule daktari wa Ugiriki ya kale, wana maswali yao wanamuuliza mgonjwa, yeye anaongeza moja, unafanya kazi gani? Swali moja tu. Na zaidi ya miaka 200 baadaye bado ilikuwa kazi ya mtu kama Alice Hamilton, mwanamke daktari wa Marekani, kuanzia mwaka 1910 anaingia kiwanda kwa kiwanda anawafuata wafanyakazi wa risasi mpaka majumbani kwao maana kiwandani walikuwa wanaogopa kusema. Mimi huyo mama namheshimu sana. Hakukaa ofisini akasubiri wagonjwa.

Kwa hiyo siku hizi mgonjwa wangu akikaa tu kabla sijaangalia ulimi wala mapigo namuuliza, unashinda wapi, unalala wapi, maji unatoa wapi, unajipaka nini, ulishawahi kufanya kazi gani huko nyuma, wanaokaa na wewe wanafanya kazi gani. Alafu nampa daftari. Wiki 2 anaandika dalili na saa, na alikuwa wapi. Mnaweza kuanza leo hata bila kuja kwangu. Unatafuta mambo machache tu, je dalili zinapungua ukisafiri au ukiwa likizo, je zinarudi siku ya kwanza ukirudi kazini, je kuna mwingine nyumbani au kazini ana hali kama yako, je zilianza karibu na siku mlipohama, mlipopaka rangi, mlipobadilisha maji.

Kaka mmoja daftari lake lilimuokoa, na sisemi hivo kwa kukuza. Kichwa kinamuuma kila usiku, kichefuchefu, asubuhi akitoka nje anapata nafuu, wikiendi akienda kwa ndugu zake hana kitu. Mke wake hivo hivo. Walikuwa wanawasha jenereta usiku kwenye kibaraza cha nyuma, dirisha la chumba liko hapo juu yake. Hiyo ni monoksidi ya kaboni, gesi haina harufu haina rangi, inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata kidogo tu inachukua nafasi. Na ubaya wake ukitoka kwenye hewa safi inaondoka ndani ya masaa, nusu inatoka kwa masaa 4 au 5 hivi, kwa hiyo mtu anaenda kupima mchana wa siku ya pili, damu safi, anaambiwa ni mawazo. Kipimo kilikuwa sahihi ila kilifanyika saa isiyo yake. Hawa wawili sikuwapa dawa yoyote. Jenereta ilihamishwa mbali na nyumba, na wakaweka kile kifaa kinacholia gesi ikizidi.

Zebaki nitaigusa maana najua humu ndani inatuhusu. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zimekutwa na zebaki, na mkataba wa kimataifa wa Minamata, ule uliopitishwa mwaka 2013, mwanzoni ulikataza vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki kwenye sehemu milioni 1, na mwaka 2023 nchi zikakubaliana vipodozi vyote vilivyowekwa zebaki viondolewe kufikia mwaka 2025, lakini bado krimu hizo zinatengenezwa na zinauzwa. Ukiona kwenye kopo limeandikwa kalomeli, hiyo ni zebaki, na kopo lisilo na maandishi kabisa ndo liogope zaidi. Mtu anakuja anatetemeka vidole, halali, analia bila sababu, anaona aibu mbele za watu, miguu imevimba kwa sababu figo zinavujisha protini, na anatibiwa kama mgonjwa wa wasiwasi. Dada zangu siwahukumu mnapojipaka, najua dunia inavyowatazama, ila naomba mjue krimu haibaki kwenye uso wako, inabaki kwenye taulo, kwenye mto, kwenye shavu la mtoto uliyembusu. Kipimo chake ni mkojo. Zebaki ya kwenye samaki ni nyingine, hiyo inaonekana kwenye damu, na huko Minamata kwenyewe, Japani, mwaka 1956 watu walianza kuanguka, kushindwa kutembea, kushindwa kuongea, wakadhaniwa wana ugonjwa wa kuambukiza wakatengwa na majirani, kumbe ni maji machafu ya kiwanda yaliyokuwa yanamwagwa kwenye ghuba na wao wanavua humo. Waliumwa, na juu yake wakanyanyapaliwa.

Na maji, kwa ufupi. Aseniki, hiyo nayo ni sumu, kwenye maji ya visima haina rangi, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi, ukichemsha maji yanapungua, aseniki inabaki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Inachukua miaka ndo unaona viganja vinakuwa vigumu na ngozi inatoka madoa. Ukienda kupima mkojo, siku kadhaa kabla usile samaki wa baharini, maana wana aina nyingine ya aseniki isiyo na madhara makubwa itakuvurugia jibu, na hilo maabara nyingi hazikwambii.

Sasa nije kwa wenzangu wa tiba asilia, na hapa nitaongea bila kupaka mafuta. Tunawakosea watu na hii biashara ya ditoksi, yaani kusafisha sumu mwilini. Mtu amechoka, anakata tamaa, anakuja na pesa ya mwisho, anauziwa chai ya kusafisha ini, anauziwa beseni la umeme la kutoa sumu miguuni, maji yanabadilika rangi ya kutu anaambiwa hiyo ndo sumu yako, wakati yale maji yanageuka rangi hata usipoweka miguu, ni vile vyuma vya kifaa chenyewe vinaliwa na umeme na chumvi. Kuna kipimo kingine, unapewa dawa inayokamata metali alafu wanakusanya mkojo wako wanaulinganisha na mkojo wa watu ambao hawakunywa hiyo dawa. Lazima uonekane una sumu! Hata mimi niliyesimama hapa nitaonekana. Alafu unauziwa dripu. Kati ya mwaka 2003 na 2005 Marekani watu 3 walikufa baada ya kupewa dawa za kukamata metali, wawili walikuwa watoto, kalsiamu kwenye damu ilishuka mpaka moyo ukasimama. Dawa hizo zina kazi yake, kwa risasi ya mtoto mara nyingi zinafikiriwa ikifika mikrogramu 45 na kuendelea, na zinatolewa hospitali chini ya watu wanaozijua. Tena ukimpa mtu dawa hizo huku bado analala kwenye vumbi lile lile unamzungusha tu.

Na hili neno asili tulitumie kwa kuogopa. Risasi ni ya asili. Aseniki ni ya asili. Mwaka 2004 watafiti walichapisha majibu ya dawa 70 za Ayurveda, tiba asilia ya India, zilizokuwa zinauzwa maduka ya Boston, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Bangladesh ilionekana mwaka 2019 kwamba manjano ilikuwa inang'arishwa kwa unga wa rangi wenye risasi, na akina mama wajawazito ndo walikuwa wanapata risasi kwa njia hiyo. Kwa hiyo mimi dawa ya mimea ambayo haijapimwa metali siku hizi siiweki kwenye kabati langu, nikose mteja sawa.

Kuhusu ukungu wa ukutani najua mtaniuliza. Nyumba yenye unyevu inaleta pumu, mafua yasiyoisha, kikohozi, hilo halina ubishi. Ila vile vipimo vya mkojo vya sumu ya ukungu na orodha ya saplimenti 12 sifanyi. Tafuta maji yanaingia wapi, paa, bomba, ukuta, ziba, kausha, fungua madirisha, unyevu ushuke chini ya asilimia 50. Fundi bomba atakusaidia kuliko mimi.

Basi naturopathia inabaki na kazi gani? Inabaki na kazi kubwa tu. Yule mama nilirudisha vidonge vya chuma lakini baada ya kufunga chanzo, na mtoto nikahakikisha anapata chuma, kalsiamu na vitamini C na hakai na njaa, maana tumbo tupu linafyonza risasi zaidi. Kutumia muda na mtu, kumsikiliza saa nzima, hilo tunalo na hospitali nyingi hawana, sasa ule muda tuutumie kuuliza maswali yenye mlango. Mtoto nilimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, sikuona aibu, na daktari wa kule akanipigia kuuliza lile vumbi linatoka wapi, tukafanya kazi pamoja. Nyumbani hakuna kufagia kukavu tena, ni kitambaa chenye maji, vitu vyote vya mtoto vinaoshwa, mikono kabla ya kula.

Kilichokuwa kigumu ni baba. Alikuja amekunja uso akaniambia, daktari, unataka niache kazi, watoto watakula karatasi ya vipimo? Ana haki ya kuuliza hivo. Mimi sina kazi ya kumpa. Watu wanaoumwa na mazingira mara nyingi hawajayachagua, na mwenye karakana anayelipa kwa siku haweki bomba la kuvuta moshi mpaka alazimishwe, na mzigo huo hauwezi kuwa wa mke anayefua. Kwa hiyo tukaenda hatua kwa hatua. Ovaroli inabaki kazini, haiingii kwao kabisa. Anaoga na kubadilisha viatu kabla ya kutoka. Hali chakula pale kwenye meza ya kazi, havuti sigara na mikono ile. Kuyeyusha kunafanyika nje, upepo ukiwa mgongoni, na barakoa ya kuchuja moshi wa metali, sio kitambaa. Haitoshi, nilimwambia haitoshi, ila kila kipimo kilikuwa kinashuka.

Mama baada ya miezi michache damu ikapanda. Tumbo likatulia. Kichwa kilichukua muda zaidi, na usahaulifu bado anao kidogo, na kuhusu mtoto sitawadanganya, risasi ikishapita kwenye ubongo unaokua kuna vitu havirudishwi, tunamfuatilia shuleni tu na tunamsaidia.

Alafu siku moja yule baba akarudi mwenyewe bila miadi, amekuja na vijana 2 anaowafundisha kazi, wamekaa kwenye benchi la nje wanaona haya. Akasema hawa nao wapime. Mdogo wao alikuwa na miaka 16, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Nikamuuliza, kijana, nguo zako za kazi anafua nani? Akasema mama. Nikamwambia Jumatatu uje naye.